Rupia Iende au Ibaki

Ukitaka kumjua mtu anayeijua sarafu ya kale, tazama vidole vyake kabla hajafungua mdomo. Hagusi uso wa sarafu. Huibana ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, mkono ukiwa juu ya kitambaa kinene, maana kitu kilichovuka vita viwili vya dunia kinaweza kuharibika kwa kuanguka mara moja kwenye sakafu ya vigae. Halafu huzima taa ya darini, akabakiza moja ya mezani, na kuanza kuizungusha sarafu polepole. Wakati huo usimsemeshe.

Mzee ninayemzungumzia anaishi Tanga, si mbali na bandari. Alikulia kwenye duka la sonara, akajua mizani na tindikali kabla ya kumaliza shule, na hata leo ukimwuliza kazi yake atakwambia ni sonara aliyestaafu. Lakini watu hawamfuati kwa pete. Wanamletea sarafu za fedha zilizotoka kwenye masanduku ya mabibi, na swali lao ni moja: hii ipelekwe Marekani ikapangiwe daraja, au ibaki? Hatozi kitu kwa jibu, na mara nyingi jibu ni "ibaki". Nimekaa naye kumtazama anavyofika kwenye neno hilo, na kwa maoni yangu huo ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Kupanga daraja, kwa wasiofuatilia mambo haya, ni hivi. Zipo kampuni zinazopokea sarafu kutoka kwa wenyewe. Wataalamu zaidi ya mmoja huitazama kila moja, wakaamua kwanza kama ni halali, kisha wakaipa namba ya hali yake kati ya 1 na 70. Sarafu hurudi imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa, namba ikiwa imeandikwa juu. Mbili zinazoaminiwa sana na wanunuzi ni za Marekani: PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC, iliyofuata mwaka 1987. Namba zenyewe zina umri zaidi ya kampuni. Alizibuni William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, akikusudia kwamba ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Hesabu hiyo ya bei ilikufa mapema, namba zikabaki.

Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu isiyowahi kutumika sokoni. Kati ya 50 na 58 imeguswa kidogo tu, na mng'aro wake wa kiwandani bado upo. Ya 40 na kitu imetembea lakini haijachoka. Ya 20 na kitu inasomeka vizuri, ila nywele, manyoya na mikunjo ya nguo imeshalainika. Chini ya hapo ni sarafu iliyofanya kazi ya maisha. Halafu kuna hukumu isiyo na namba. Sarafu iliyo halali lakini imesuguliwa, imetobolewa au imepigwa tupa hurudishwa ikiwa na maelezo ya kasoro yake mahali pa daraja, na mnunuzi akiyasoma hushusha bei papo hapo. Mzee haogopi daraja la chini. Anachokiogopa ni hayo maelezo.

Asubuhi moja alikuja mama wa makamo kutoka Pangani, fundo la kanga mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Umeziosha?"

Hakumwuliza alizipata wapi wala anatarajia bei gani. Mama akacheka kidogo, akasema moja tu ndiyo aliipitisha ukwaju, kwa kuwa ilikuwa nyeusi mno na aliona aibu kuja nayo hivyo. Mzee alitikisa kichwa bila kumlaumu. "Basi. Hizo nyingine usiziguse tena."

Fundo lilikuwa na shilingi kadhaa, reali moja na rupia tatu za Wajerumani. Shilingi alizitenga kwa kusoma tarehe tu. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba na milima, ilianza kugongwa mwaka 1921, na tangu siku ya kwanza ilikuwa na robo ya fedha, robo tatu madini mengine. Zile za 1948 na kuendelea hata robo hiyo hazina, ni shaba na nikeli. Watu wengi wanazo mikebe na mikebe wakidhani wana hazina. "Hizi wape wajukuu wachezee," alisema, akazisogeza kando.

Reali ilimchukua muda, ingawa nadhani jibu lake alikuwa nalo tangu alipoiona. Ni sarafu ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, na 1780 ndio mwaka ulioandikwa juu yake, hata kwenye ile iliyogongwa juzi. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni walikuwa wameizoea sura ile, nyingine hawaitaki, basi Austria ikaendelea kuigonga kwa tarehe ileile. Baadaye waligonga na wengine. Roma ilianza mwaka 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Uhabeshi, na London haikukawia kufuata. Iligongwa Paris, Brussels na Birmingham, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata Bombay. Vienna wanaigonga mpaka sasa. Uzito wake ni gramu 28.07, fedha ni sehemu 833 katika elfu, na ukingoni yamezunguka maneno ya Kilatini yaliyoinuka, ili mjanja akikwangua fedha ya pembeni ajulikane.

Kubaini reali fulani iligongwa kiwanda gani ni elimu ndani ya elimu. Wanaoijua huhesabu lulu za kwenye taji dogo la malkia na manyoya ya mkia wa tai, wakatazama na kipini cha begani kimekaaje. Mzee alichukua lenzi akahesabu, kimyakimya, mdomo ukicheza. Hakuhitaji. Juu ya kichwa cha malkia palikuwa na kitanzi cha fedha kilicholehemiwa, maana reali hii ilikuwa imevaliwa shingoni miaka mingi, kama maelfu ya wenzake ambao masonara wa pwani waliwageuza vidani au kuwayeyusha kabisa wakawa bangili na mitali. Sarafu yenye lehemu haipewi namba. Na ukikiondoa kitanzi unaongeza kovu juu ya kovu.

"Hii imeshakuwa kidani, mwanangu. Na ni kidani kizuri. Kivae."

Nilichokipenda ni kwamba aliisema kauli hiyo kwa furaha. Wapo wanunuzi ambao wangeishika reali ile kwa midomo iliyobinuka, wakampa mama bei ya chuma. Mzee alihesabu manyoya ya tai kwa sababu kazi ilikuwa inastahili kutazamwa hata kama soko haliitaki.

Niseme na hili kabla sijafika kwenye rupia. Iko aina ya sarafu ambayo mzee haipokei kabisa: iliyochimbwa. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilipatikana sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, na kwa hizo wataalamu walijifunza juu ya biashara na watawala wa pwani ya miaka elfu iliyopita mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu zilikutwa pamoja, mahali pake, ardhini. Zingetawanywa moja moja, kila moja ndani ya kasha lake na namba yake, zisingetuambia chochote. Anayemletea sarafu yenye udongo huambiwa aende makumbusho, na hapo mzee huwa mkali.

Rupia sasa. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kugonga rupia yake mwaka 1890, ikaifuata ile ya India kwa uzito na usafi wa fedha, kwa kuwa rupia ya India ndiyo iliyotawala biashara ya pwani. Gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika elfu. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, jina lake likiwa kwa Kilatini. Upande wa pili yupo simba mbele ya mti wa jamii ya minazi. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilishika mambo yenyewe: rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64, simba na jina la kampuni vikaondoka, na rupia mpya zikaendelea kutoka hadi 1914. Rupia mbili, kipande kikubwa cha gramu 23 na zaidi, kiligongwa 1893 na 1894 tu, na kwa uchache huo ndicho kinachoigwa sana. Mtu akiingia kwa mzee na rupia mbili inayong'aa, huanza kwa kuishuku.

Rupia hizi hazikukaa mifukoni kwa starehe. Kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897 ilihesabiwa kwa rupia, na wengi wasiokuwa nazo ilibidi waende kuzitafuta shambani kwa Mzungu au kwenye msafara. Zilipita mikono mingi, zikafungwa kwenye pindo za nguo, zikazikwa, zikafukuliwa. Ndiyo maana rupia iliyochakaa ni ya kawaida, na ile iliyobaki karibu na ilivyotoka kiwandani ni adimu hata kama mwaka wake si adimu. Swali lote la daraja limo humo.

Aliziweka tatu zote kwenye mizani ya sonara, moja baada ya nyingine: 11.60, 11.38, 11.62. Sarafu ya kale hupungua, hainenepi, kwa hiyo ingesoma 11.9 angekuwa amemaliza kazi. Kisha akafanya jambo ambalo kila mwenye mizani ndogo anaweza kulifanya nyumbani. Aliweka glasi ya maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, akaifunga ile ya gramu 11.62 kwa uzi mwembamba na kuining'iniza ndani ya maji, isiguse kuta wala kitako cha glasi. Mizani ikasoma 1.12. Gawanya 11.62 kwa 1.12 upate 10.375, na mchanganyiko halali wa fedha 917 na shaba huwa hapohapo, juu kidogo ya 10.3. Shaba na nikeli isingefika 9. Risasi ingepita 11. Tindikali bado anayo, kwa ajili ya pete. Kwenye sarafu ameipiga marufuku, kwa sababu tone moja ni doa la milele, na maji hayaachi alama.

Ukingo ukafuata. Sarafu halali hugongwa kwa muhuri wa chuma, haimiminwi kwenye kalibu. Iliyomiminwa mara nyingi huacha mstari mwembamba wa maungio pembeni, hata kama umepigwa tupa, na herufi zake huwa na mabega ya mviringo pamoja na vishimo vidogo vya hewa. Alizungusha zote tatu chini ya lenzi. Halali.

Ndipo akazima taa ya darini.

Ya kwanza ilikuwa ile ya ukwaju, na hata mimi niliona. Ilikuwa nyeupe, nyeupe sana, na weupe wake ulikaa palepale ulipo. Sarafu inapogongwa, fedha husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa nguvu kubwa, na mwendo huo huacha juu ya uso mistari midogo mno isiyoonekana kwa jicho tupu. Mwanga ukiipiga mistari hiyo huvunjika, na ukiizungusha sarafu, miale ya mwanga huizunguka kama spoki za baiskeli. Huo ndio mng'aro wa kiwandani. Ukwaju, ndimu na majivu, dawa ya meno, vyote hula au kusugua vilele vya mistari hiyo pamoja na weusi. Kinachobaki hung'aa, lakini mwanga wake hautembei. Mzee aliizungusha nusu duara, akaizungusha tena, spoki hazikuja. Chini ya lenzi zilionekana nyuzi za mikwaruzo zikienda upande mmoja, sambamba, kutoka shavu la Kaisari hadi nyuma ya shingo yake: njia ya kitambaa.

"Hii ibaki."

Ya pili ilikuwa na udanganyifu wa zamani, na pengine hakuna aliye hai aliyeujua. Ilikuwa imetobolewa, juu kabisa karibu na tai wa kofia, kisha mtu stadi akaliziba tundu kwa fedha na kuuchonga upya ubawa wa tai. Kwa mkono husikii kitu. Mzee alianzia kwenye rangi. Weusi wa fedha hutokana na salfa iliyomo hewani, nao hujijenga taratibu kufuatana na mchanganyiko wa madini. Kiraka cha madini yenye mchanganyiko tofauti huvaa weusi wa aina yake, na hapo palikuwa na duara lenye kivuli cha samawati kuliko pengine. Kisha akageuza ukingo na kunionyesha mahali ambapo mikato midogo ya pembeni ilikosa mwendo wake, miwili mitatu ikiwa mipana kuliko wenzake. Aliitazama kazi ya fundi yule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Alikuwa na mkono huyu," alisema. Nayo ibaki.

Imebaki ya mwisho, tarehe 1901, nyeusi kuliko zote, ambayo mama alikuwa karibu kuiacha Pangani.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mzee hataki kusemeshwa. Weusi wenyewe ulikuwa wa namna tatu: wa makaa ukingoni, wa kahawia kuzunguka herufi, na katikati kijivu chenye rangi ya zambarau iliyoonekana kwa pembe moja tu ya taa. Weusi wa kughushi, wa kuchoma kwa moto au kemikali, mara nyingi hukaa juu juu na kukolea mahali pasipo na sababu. Huu ulikuwa na sababu. Ulikolea mahali ambapo vidole havifiki, kwenye mapengo ya herufi na chini ya kidevu, na kupungua kwenye sehemu zilizoinuka. Na chini yake, alipoizungusha, mwanga ukatembea. Ulikuwa hafifu, lakini ulizunguka uwanja mtupu wote nyuma ya kofia na kurudi ulikotoka.

Tai juu ya kofia alikuwa bapa. Kifua hakikuwa na manyoya. Mtu mwenye haraka angesema sarafu imechakaa, akaishusha hadi 40. Mzee aliinamisha taa mpaka mwanga ukapita juu ya kifua cha tai kwa upande, akanipa lenzi. Sehemu bapa ilikuwa bado inang'aa kwa mng'aro uleule wa uwanja. Iliyolika kwa kutumika hugeuka kijivu kilichofifia, kwa sababu kinachoondoka kwanza ni mng'aro, umbo hufuata. Hii haikuwahi kuwa na manyoya. Ilitoka kiwandani Ujerumani na pigo hafifu, fedha haikujaa kwenye muhuri mahali hapo, na tai akazaliwa hana manyoya. Masharubu ya Kaisari, yaliyoinuka karibu sawa na tai, yalikuwa makali nywele kwa nywele, isipokuwa ncha moja iliyopoteza mng'aro kwa upana usiozidi kichwa cha pini. Kwa upande wa pili, bega la simba lilikuwa na kijivu hicho hicho, kidogo zaidi. Kwa hiyo imeguswa, lakini kidogo.

Halafu kulikuwa na mistari, nyuma ya kofia, mingi na myembamba, yote ikielekea upande mmoja. Moyo wangu ulizama, nikidhani ni kitambaa tena. Mzee alisubiri niitazame vizuri. Mistari ya kusugua huchimba, nayo hupita juu ya kila kitu kilichoko njiani: uwanja, herufi, shavu. Mistari hii ilikuwa imeinuka, na ilipofika kwenye herufi ilikoma, ikaendelea upande wa pili wa herufi. Haikuwa ya sarafu, ilikuwa ya muhuri. Fundi wa kiwandani aliusugua uso wa muhuri kuusafisha, mikwaruzo ikabaki juu yake, na kila rupia iliyogongwa nayo ikazaliwa na mistari hiyo. Kwa wenye macho ni ushahidi mzuri, kwa kuwa mistari myembamba kiasi hicho ndiyo ya kwanza kufutika mtu akisugua. Ipo, basi hakuna aliyesugua.

Mzee aliiweka chini, akawasha taa ya darini na kunywa chai yake iliyokwisha kupoa.

"Hamsini na tano," alisema. "Wakiamka vizuri, hamsini na nane. Wewe tarajia hamsini na tatu."

Wanaopanga madaraja ni watu, na sarafu ileile ikitumwa mara mbili inaweza kurudi na namba mbili. Kila mwenye uzoefu analijua hilo, na wapo wanaovunja makasha na kutuma upya mpaka wapate namba wanayoitaka. Mzee anauona mchezo huo ni wa kipumbavu. Yeye huanza na namba ya jicho lake, akaishusha daraja moja, ndipo anapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya dukani. Ada ya kampuni kwa sarafu ya kawaida ni makumi ya dola. Juu yake kuna bima na posta ya kwenda, posta ya kurudi, na fomu za forodha, ambazo kwa mtu aliyeko Tanga huweza kula zaidi ya ada yenyewe. Upande wa pili wa mizani ya akili yake kuna swali: namba itaongeza nini? Rupia iliyochakaa ina fedha safi ya takribani gramu 10.7, zaidi kidogo ya theluthi moja ya aunsi, na bei yake haitoki mbali na hapo. Ifungie kwenye kasha, bado haitatoka mbali na hapo, ila wewe utakuwa umelipa. Tofauti huanza kuonekana juu, penye 50 na zaidi, ambako wanunuzi wa Ujerumani na Marekani hushindana kwa zilizobaki nzuri, na hununua kwa picha bila kuishika. Mnunuzi wa namna hiyo hulipia hakika, na hakika ndiyo kitu ambacho kasha huuza.

Basi huuliza mara tatu. Ikirudi na namba niitakayo, nimepata? Ikirudi chini yake, nimepata? Ikirudi na maelezo kwamba imesafishwa, nimepoteza kiasi gani? Majibu mawili kati ya matatu yakiwa hasara, ibaki, hata kama moyo unaitaka iende. Nimewaona vijana wanaofanya biashara hii wakituma kila kitu na kuombea bahati. Kwa muda wanaweza kupata. Lakini hawajifunzi kutazama, kwa sababu wamekodi macho ya watu wengine, na siku makasha yakirudi na kasoro hawajui hata waulize nini.

Mama akaeleza kilichomleta. Marehemu bibi yake aliacha fundo hilo, warithi ni saba, na kaka mmoja amesikia kwamba sarafu zikipelekwa Marekani zitatajwa bei, kisha mirathi igawanywe. Mzee alimsahihisha kwa upole. Namba ya daraja inasema hali ya sarafu, bei haitaji. Anayetaka kugawa mirathi atafute watu wawili wanaojua, kila mmoja akadirie peke yake, warithi wakubaliane katikati, na kidani apewe atakayekivaa kwa kukatwa fungu lake. Kwa hilo hapahitajiki ndege.

Rupia ya 1901 ikapita, peke yake kati ya zote zilizokuwa kwenye fundo. Aliifunga ndani ya kijikasha cha kadi chenye dirisha, akamwonya mama asiitie kwenye mfuko laini wa plastiki, maana plastiki ile hutoa ute wa kijani unaoila fedha taratibu. Na haitaenda leo. Itasubiri hadi wapatikane wengine watatu au wanne wenye sarafu zinazostahili, ili posta na bima wagawane, na kabla haijatoka nchini wataulizia idara inayohusika na mambo ya kale kama inahitaji kibali.

Nawe msomaji, kama kwenye sanduku la bibi yako imo rupia ya simba, nyeusi kama ilivyo, nakuomba jambo moja: usiisafishe. Ishike ukingoni, ipime, ifunge kwenye karatasi safi kavu, na mtafute mtu mwenye taa moja na subira. Akikwambia ibaki, mshukuru, kwa sababu amekuokolea fedha yako.